Je, Wajua? Kompyuta huazima nafasi diskini

Watafiti wa mradi wa BIOTA waliufuatilia Msitu wa Kakamega kwa picha za setilaiti zinazorudi nyuma hadi 1972. Kuchakata picha kadhaa za aina hiyo kwa pamoja kwaweza kumaliza kumbukumbu (RAM) ya kompyuta yenye gigabaiti 4. Hapo ndipo kumbukumbu pepe huingia kazini: mfumo huhamishia diskini data isiyohitajika kwa sasa, kisha huirudisha ikihitajika. Mbinu hii ilianza na kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa Desemba 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kenya.

Kwenye Windows, nafasi hiyo ya diskini ni faili iitwayo pagefile.sys. Wengi huizima ili kuokoa nafasi. Tafadhali usifanye hivyo! Kumbukumbu ikijaa, programu yaweza kufungika ghafla na kazi ambayo hujaihifadhi ikapotea. Ni heri kuuachia mfumo upange ukubwa wake. Ila diski ya kuzunguka huchelewa karibu mara laki moja kuliko RAM. Ukiweza, ongeza RAM kwanza.