Duka la Uswisi lilivyofunga mkataba na pamba ya Meatu

KILIO cha mkulima wa pamba ni kile kile kila msimu: bei hupangwa mbali, naye huijua siku anapofikisha mzigo kwenye mizani. Hata hivyo, katika Wilaya ya Meatu, ambayo sasa iko Mkoa wa Simiyu, wapo wakulima waliopata njia nyingine kupitia duka lililo maelfu ya kilomita kutoka mashambani mwao.

Duka hilo ni Coop, mojawapo ya minyororo mikubwa ya maduka nchini Uswisi, lenye makao makuu yake mjini Basel. Coop si mali ya tajiri mmoja. Ni ushirika unaomilikiwa na wanachama wake. Mwaka 1993 ulianzisha lebo ya Naturaline, kwa ajili ya nguo zinazotokana na pamba iliyolimwa bila kemikali za viwandani.

Kupata pamba hiyo haikuwa kazi ndogo. Kampuni ya Remei, iliyoanzishwa mwaka 1983 na mfanyabiashara wa nyuzi Patrick Hohmann, ilianza mradi wa kilimo hai nchini India mwaka 1991. Mwaka 1994 ikafika Meatu, ambako mradi huo unajulikana kwa jina la bioRe. Coop ikawa mnunuzi mkubwa wa nguo zake.

Makubaliano yalikuwa wazi. Mkulima anayefuata masharti alihakikishiwa soko, na kulipwa nyongeza ya asilimia 15 juu ya bei ya kawaida.

Je, duka linamudu vipi nyongeza hiyo? Hesabu yake ni nyepesi. Kilo moja ya pamba mbegu ikichambuliwa hutoa takriban theluthi moja ya pamba nyuzi, ambayo hata baada ya upotevu wa kiwandani hutosha fulana moja nyepesi. Tuseme bei ni Sh1,000 kwa kilo. Nyongeza itakuwa Sh150, fedha ambazo mnunuzi wa fulana Ulaya hazihisi. Lakini kwa mkulima aliyevuna kilo 1,000, hizo ni Sh150,000 zaidi mfukoni.

Masharti yake

Fedha hizo hazipatikani bila jasho. Mbolea za viwandani na dawa za kemikali ni marufuku, na mbegu zilizobadilishwa vinasaba hazikubaliki. Mkulima hutumia samadi, hubadilisha mazao kwa kupanda dengu au jamii nyingine ya kunde, na hupanda alizeti katikati ya pamba ili kuvuta wadudu waharibifu, wakiwamo funza wa vitumba. Mwarobaini nao hutumika kutengeneza dawa.

Aidha, shamba lililokuwa likitumia kemikali huhitaji kipindi cha mpito, ambacho kwa kawaida hufikia miaka mitatu, kabla ya kupewa hati ya kilimo hai. Katika kipindi hicho mavuno yanaweza kushuka, palizi huongezeka, na wakaguzi hupita kukagua. Dawa inayopeperushwa na upepo kutoka shamba la jirani yaweza kuharibu juhudi zote. Ndiyo maana kilimo hiki hufaa zaidi wakulima wakijiunga katika kikundi, wakapanga mashamba yao kwa pamoja.

Si shamba pekee

Uadilifu wa nguo hauishii kwenye pamba. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza lililokuwa na viwanda vya nguo karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134. Lebo za maduka maarufu zilikutwa kwenye kifusi. Tangu hapo wanunuzi wengi Ulaya wamekuwa wakiuliza shati limeshonwa na nani, na katika mazingira gani.

Swali hilo ni fursa kwa mkulima anayeweza kuonyesha pamba yake imetoka wapi. Lakini ni hatari pia, kwa sababu mlango ukifungwa na mnunuzi mmoja, aliyemtegemea yeye peke yake hubaki na mzigo. Kikundi kinachofikiria njia hii kiulize mapema: mkataba ni wa miaka mingapi? Nani analipia ukaguzi? Katika kipindi cha mpito, pamba itanunuliwa kwa bei gani? Majibu yawe kwa maandishi.

Hata asiye na mkataba anaweza kuanza na usafi. Pamba iliyotiwa maji au mchanga, ama kuchanganyika na nyuzi za mifuko ya plastiki, huchafua jina la eneo zima. Plastiki ikishafika kwenye kitambaa haishiki rangi, na kiwanda hupata hasara. Mkulima avunie katika mfuko wa kitambaa cha pamba, atenge daraja la kwanza na la pili, kisha ndipo akajadiliane bei.