Kubadili Kemshafti Lubumbashi: Kazi na Istilahi Zake

Makala haya yanakusudia kueleza kinachotokea katika injini ya gari dogo pale kemshafti yake inapoondolewa na kuwekwa nyingine yenye umbo tofauti. Tumeuchagua mji wa Lubumbashi kwa sababu mbili. Kwanza, mji huo umeinuka kiasi cha meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Pili, kipuri hiki kimoja hukutana huko na lugha tatu. Magari mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yakapitia Dar es Salaam na Zambia, usukani wake ukiwa kulia ilhali nchini Kongo magari hupita upande huohuo wa kulia. Takwimu za vipuri vyake aghalabu hupatikana kwa Kiingereza. Shule ya ufundi hufundisha kwa Kifaransa, na huko kipuri chenyewe huitwa arbre à cames. Mwanagenzi naye huelekezwa gereji kwa Kiswahili cha Katanga.

Kemshafti ni mhimili wenye vinundu. Kila kinundu kikizunguka huisukuma valvu ifunguke. Kikishapita, springi huirudisha ifunge. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja tu. Umbo la kinundu ndilo linaloamua valvu iinuke kiasi gani na ikae wazi kwa muda gani.

Muda huo hupimwa kwa nyuzi za mzunguko wa krankshafti, na hapa ndipo lugha zinapoachana. Karatasi ya Kiingereza mara nyingi hutaja jumla peke yake, tuseme nyuzi 240. Kitabu cha Kifaransa hutaja nyakati zenyewe kwa vifupisho: AOA ni nyuzi ambazo valvu ya kuingiza hewa huwahi kufunguka kabla ya pistoni kufika juu, na RFA ni nyuzi ambazo huchelewa kufunga baada ya pistoni kufika chini. Ukijumlisha AOA, nyuzi 180 na RFA, unaipata ile jumla ya Kiingereza. Lakini 10 na 50 huleta 240, na 30 na 30 huleta 240 vilevile, ingawa kemshafti hizo mbili hazifanani hata kidogo kitabia. Kwa maoni yetu Kiswahili hakina haja ya kuazima vifupisho hivyo. Vitenzi *kuwahi* na *kuchelewa* vinatosha, na mwanagenzi huelewa mara moja.

Kuchelewa huko kuna maana kubwa. Injini ikienda kasi, hewa inayoingia ina mkumbo wake, na huendelea kujaza silinda hata pistoni inapoanza kupanda. Ikienda polepole, mkumbo ni hafifu. Pistoni inayopanda huirudisha sehemu ya hewa ilikotoka, na mgandamizo unapungua. Kwa hiyo kemshafti ya mashindano, yenye nyuzi 280 au zaidi, huongeza nguvu pale juu na kuipunguza pale chini. Kumbuka kwamba Lubumbashi, kwa sababu ya mwinuko, kila silinda hupata hewa pungufu kwa takriban moja ya kumi ikilinganishwa na Dar es Salaam. Teksi inayosimama na kuondoka siku nzima kati ya Kamalondo na Kenya (mtaa wa Lubumbashi, si nchi) haifiki mara nyingi kwenye kasi ile ambamo kemshafti kali hulipa gharama yake. Mwenye teksi atachoma petroli zaidi na kupata mvuto mdogo. Fundi anayemuuzia kemshafti hiyo kwa jina la nguvu hamtendei haki.

Hata hivyo, wengi hawabadili kwa kupenda. Kemshafti ya asili imelika, na iliyopo sokoni ni ya injini ya jamaa moja. Kabla ya kuifunga, zilinganishwe shingo zake, urefu wake na mahali pa gurudumu la meno. Kinundu kipimwe kwa maikromita: kimo chake chote, ukitoa kipenyo cha duara la chini, ndicho kiasi cha kuinuka, iwapo kinundu kinaisukuma valvu moja kwa moja. Valvu ikiinuka zaidi kuliko zamani, huenda springi ikabanana mzingo kwa mzingo, au valvu ikagusa pistoni. Udongo laini wa kuchezea watoto ukiwekwa juu ya pistoni, injini ikazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili ya krankshafti, alama itakayobaki huonyesha nafasi iliyopo.

Kisha kuna alama za gurudumu. Likiwa na meno 36, kukosea jino moja ni nyuzi 10 za kemshafti, yaani nyuzi 20 za krankshafti. Valvu iliyopaswa kuchelewa kwa 50 huchelewa kwa 70 au 30. Katika injini za zamani ambazo tapeti huteleza juu ya kinundu, tapeti nazo zibadilishwe, zipakwe mafuta mazito, na injini iendeshwe kwa mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, kwa muda wa dakika 20 za mwanzo, bila kuachwa ingurume polepole.