Kuhamia Pwani: Faida, Gharama na Hesabu za Kufanya Kabla ya Kuuza Shamba

Mazungumzo ya kuhamia Pwani si mageni kwa wakazi wa Daraja Mbili. Karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kufanya kazi Mombasa, kufundisha Kilifi, kuuza vinyago vya mawe ya Tabaka Diani au kupanga chumba Mtwapa. Wengine wamejenga huko na hawafikirii kurudi. Wengine walirudi baada ya mwaka mmoja wakiwa na mkoba waliokwenda nao. Wapo pia waliouza kipande cha ardhi ya urithi ili wapate mtaji, na waliporudi hawakuwa na pa kurudia.

Makala hii haimkatazi mtu kuhama. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kuishi popote nchini Kenya, na kifungu cha 40 kinamlinda anapomiliki mali popote. Lengo letu ni kumweleza mkazi mambo ambayo Pwani humpa mgeni na yale ambayo humtoza, ili aamue akiwa na hesabu mkononi.

Kwa nini Pwani inavuta

Sababu ya kwanza ni nafasi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, wastani wa watu 957 katika kila kilomita mraba. Ukigawa ardhi hiyo sawasawa, kila mtu, mtoto na mzee, angepata kama robo ekari. Majirani zetu wa Nyamira walikuwa 675 kwa kilomita mraba. Kaunti ya Kilifi ilikuwa na watu 116 na Kwale 105. Kijana ambaye baba yake ana vijana watano na shamba la ekari moja hahitaji kuelezwa maana ya tarakimu hizo.

Lakini tarakimu hizo zina upande wa pili. Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mombasa hupata takriban 1,000, na kadiri unavyoondoka baharini kuelekea Kinango au Ganze, mvua hupungua na hubadilika mwaka hadi mwaka. Sehemu kubwa ya ardhi inayoonekana tupu Kilifi na Kwale ni kavu, na wenyeji wake hukumbwa na ukame mara kwa mara. Ukanda wenye rutuba ulio karibu na bahari ni mwembamba, una wenyewe, na bei yake si ya kutupa. Anayetarajia kuotesha migomba na chai kama nyumbani hataipata Kisii nyingine huko. Atapata mihogo, maembe, mikorosho na minazi, na mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa.

Joto lenyewe

Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000, na ndiyo maana Mombasa ina joto zaidi kuliko kwetu kwa takriban nyuzi 10. Mwezi wa Machi, mchana wa Mombasa hufika nyuzi 32 au 33.

Hata hivyo, mgeni husumbuliwa zaidi na mambo mawili mengine kuliko mchana. La kwanza ni unyevu wa hewa. Mwili hujipoza kwa jasho linapokauka. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho hubaki juu ya ngozi na mwili haupoi. La pili ni usiku. Kisii usiku hushuka hadi karibu nyuzi 15 na watu hujifunika blanketi. Mombasa katika miezi ya joto, usiku hubaki karibu nyuzi 25, kwa sababu bahari hutunza joto la mchana. Mwili haupati saa za kupumzika, na ndiyo maana wageni wengi hulalamika uchovu wiki za mwanzo.

Hali haiko hivyo mwaka mzima. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma upepo wa kaskazi na joto huwa kali. Masika huja Aprili na Mei, kisha upepo wa kusi huleta nafuu, na Julai na Agosti ni miezi ya kupendeza kabisa. Hapo ndipo penye mtego: wengi hutembelea Pwani Agosti wakati wa likizo, wakaipenda, wakahama, kisha wakakutana na Februari.

Afya ya familia

Mwili wenye afya huzoea joto baada ya wiki mbili hivi. Katika kipindi hicho kunywa maji hata kabla ya kiu, na kazi nzito zifanywe asubuhi na jioni. Watoto wachanga hutokwa na harara. Waogeshwe kwa maji ya kawaida na wasifunikwe kwa nguo nzito. Wazee, wagonjwa wa moyo, na wanaotumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile za kuongeza mkojo, wazungumze na daktari kabla ya kusafiri, kwa kuwa joto linaweza kubadilisha namna dawa hizo zinavyofanya kazi mwilini.

Malaria inahitaji uangalifu wa pekee. Imepungua Pwani ikilinganishwa na miaka ya zamani, lakini ipo mwaka mzima. Sisi wa nyanda za juu hupata malaria kwa vipindi, kwa hivyo miili yetu haina kinga kama ya mtu aliyekulia inakopatikana daima. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito. Mjamzito anayehamia Pwani aende kliniki mapema na kumweleza muuguzi ametoka wapi, ili apewe chandarua na dawa ya kuzuia malaria inayotolewa huko.

Mombasa pia imewahi kuwa na milipuko ya homa ya dengi, ikiwemo ya 2013, 2017 na 2021, na ya chikungunya mwaka wa 2017 na 2018. Mbu wa magonjwa haya huuma mchana na huzaliana katika maji safi yaliyosimama: mapipa, ndoo, matairi. Chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Funika maji yote nyumbani. Ukipata homa, pimwa kwanza. Usinunue dawa ya malaria kwa kubahatisha, wala usitumie aspirini au brufeni kabla ya kujua kama ni dengi, kwa kuwa dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu.

Maji, umeme na nyumba

Hapa ndipo bajeti ya mgeni huharibika. Vijijini kwetu familia nyingi huteka maji ya chemchemi bila malipo au huvuna ya mvua. Mombasa haina mto wake. Maji yake hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Taita Taveta na visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki. Mifereji hukauka mara nyingi, na watu hununua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa mikokoteni. Visima vingi vya karibu vina maji ya chumvi, yanayofaa kufulia lakini si kupikia chai. Kabla ya kulipa kodi, uliza maji hutoka siku ngapi kwa wiki na mtungi ni shilingi ngapi. Familia ya watu watano inayotumia mitungi minane kwa siku itanunua mitungi 240 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya mtaa huo, kisha ujumlishe na kodi.

Umeme nao hupanda, kwani feni huwaka usiku kucha na chakula cha jana hakilali bila friji. Chagua chumba chenye madirisha mawili yanayoelekeana, moja likiwa upande wa bahari, ili upepo upite. Karibu na ufuo, mabati, misumari, baiskeli na redio hushika kutu upesi.

Kazi na biashara

Bandari, viwanda, usafiri na hoteli huajiri watu wengi, na mtu wa bidii hakosi la kufanya. Wachongaji wa Tabaka wanajua thamani ya soko la watalii. Lakini kazi nyingi za Pwani huenda kwa msimu au hutegemea uamuzi wa mbali. Hoteli hujaa Julai na Agosti, kisha Desemba hadi Machi. Aprili hadi Juni baadhi hufunga na wafanyakazi wa vibarua hurudishwa nyumbani. Mashambulizi ya Mpeketoni mwaka wa 2014 na janga la Korona mwaka wa 2020 yaliwaacha wengi bila kazi kwa miezi mingi. Treni ya SGR ilipoanza kupeleka makontena moja kwa moja Nairobi, madereva wa malori na wenye vibanda vya barabarani waliumia, hadi serikali iliporudisha huduma hizo bandarini Septemba 2022. Machimbo ya titani ya Kwale, yaliyoanza 2013, yalikoma Desemba 2024.

Kwa mwenye biashara ndogo, kuna jambo moja zaidi. Mwezi wa Ramadhani, biashara ya chakula cha mchana hupungua sana mitaani, na jioni baada ya futari huchangamka. Anayelijua hili hupanga, asiyelijua hulalamika.

Ardhi: penye hasara kubwa

Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1908 iliwataka wakazi wa ukanda wa Pwani kudai umiliki rasmi. Wenyeji wengi hawakuandikishwa, na mashamba waliyoyalima kwa vizazi yakahesabiwa kuwa ya watu wengine au ya serikali. Mgogoro huo haujaisha. Mfano ni shamba la Waitiki, Likoni, la ekari 930, lililokaliwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi hadi serikali ilipotoa hati kwa wakazi Januari 2016.

Kwa mnunuzi, maana yake ni hii: mtu anaweza kukuuzia ardhi anayoishi kwa haki machoni pa majirani lakini asiyo na hati yake, na mwingine akawa na hati ya ardhi ambayo watu wanaishi juu yake. Mombasa pia kuna mtindo wa nyumba bila ardhi: unanunua nyumba, lakini kiwanja ni cha mwingine na utakilipia kodi daima. Kwa hivyo usilipe hata arbuni kabla ya kufanya upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, kuhakikisha mipaka na mpima ardhi aliyesajiliwa, na kuwauliza majirani pamoja na chifu.

Majirani na umbali

Wapwani ni watu wa salamu na subira. Anayepita mlangoni bila kusalimu, au anayezungumza kwa sauti ya kugombana sokoni, hukosa marafiki haraka. Wengi wetu tumeishi nao vizuri kwa miongo mingi. Hata hivyo, hatuwezi kunyamazia Agosti 1997, watu wa bara waliposhambuliwa Likoni na sehemu za Kwale kabla ya uchaguzi, wengine wakauawa na maelfu wakahama makazi yao. Amani ya mgeni hujengwa na ujirani wa kila siku: vikao vya mtaa, harusi, misiba na kujiepusha na siasa za chuki.

Mwisho ni umbali. Kutoka Kisii hadi Mombasa ni karibu kilomita 800, na hata ukipanda treni Nairobi, safari ni ya siku nzima au zaidi. Kwa desturi yetu, mtu huzikwa kwao. Msiba mmoja Mombasa humaanisha gari, mafuta, mochari na nauli za jamaa, gharama inayoweza kumaliza akiba ya miaka. Jiunge na chama cha wenzako wa nyumbani mwezi wa kwanza, usingoje siku ya msiba.

Hesabu za kufanya kabla ya kuhama

1. Kaa Pwani kwa mwezi mmoja, Februari au Machi, mtu mmoja kabla ya familia nzima.

2. Andika gharama ya mwezi: kodi, maji, umeme, nauli, chakula, dawa na pesa za kutuma nyumbani. Linganisha na mshahara wa msimu mbaya, si wa Desemba.

3. Usiuze shamba ili kupata mtaji. Likodishe kwa mwaka mmoja au miwili kwa maandishi. Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na mke au mume ana haki ya kukubali au kukataa.

4. Chukua barua ya uhamisho wa shule, kijitabu cha kliniki cha mtoto na rekodi za hospitali. Usajili wako wa SHA hutumika kaunti zote.

5. Ukiamua kubaki huko, omba IEBC ikuhamishie kituo cha kupigia kura mapema, kwa kuwa shughuli hiyo husimamishwa uchaguzi unapokaribia.

Maswali kuhusu upekuzi wa ardhi na kibali cha Bodi yanajibiwa katika ofisi ya ardhi, na ya stakabadhi nyingine katika Huduma Centre mjini Kisii. Mwenye shamba lililobaki nyumbani anaweza kwenda Pwani, akajaribu, akafaulu au akarudi. Aliyeliuza ana nafasi moja tu.