Napoleon, Afande na Mapigano ya Kisii

Mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari huku Nyamira aliwahi kunieleza kwa ufasaha jinsi Napoleon alivyoyapanga majeshi yake. Nilipomwuliza ni majeshi gani yaliyopigana Kisii mwaka 1914, alicheka akidhani ninamtania. Sikumlaumu. Lawama ni yetu sisi walimu, tunaomfundisha mtoto vita vya mbali bila kumwonyesha njia vilivyopita hadi vikafika kwao.

Njia hiyo ipo, na inaanzia kwa Napoleon mwenyewe. Yeye aliligawa jeshi lake katika vikosi vikubwa. Kila kikosi kilikuwa na jemadari wake, askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga, hata kikaweza kupigana peke yake mpaka vingine viwasili. Chini yake zilifuata divisheni, batalioni na kombania, na amri ikashuka ngazi kwa ngazi. Wellington, aliyemkabili Waterloo tarehe 18 Juni 1815, aliongoza mchanganyiko wa Waingereza, Waholanzi na Wajerumani, naye akapita mwenyewe kati ya askari wake akitoa amri.

Baada ya Napoleon kuanguka, Mfaransa mmoja aliyewahi kupigana katika majeshi yake, kwa jina Sève, alikwenda Misri. Mtawala wa nchi hiyo, Muhammad Ali, alimkabidhi kazi ya kufunza jeshi jipya kwa mtindo wa Ulaya. Wengi wa askari wa mwanzo walikuwa Wasudani waliotekwa na kuingizwa jeshini kwa nguvu. Mpangilio ukawa wa Kifaransa, lakini majina ya vyeo yakabaki ya Kituruki.

Miongo kadhaa baadaye, wakoloni walichota askari katika kisima hicho kimoja. Mwaka 1889 Mjerumani Wissmann aliandikisha Wasudani huko Misri ili kuivamia pwani ya Tanganyika. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard aliwachukua Wasudani waliosalia katika jeshi la Emin Pasha, akaenda nao Uganda. Hao ndio waliokuwa kiini cha majeshi mawili yaliyokuja kukutana katika nchi ya Abagusii.

Mnamo Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka, wakapitia Karungu, wakaingia Kisii ambako maofisa wa serikali walikuwa wamekwisha kuondoka. Kamanda wao alikuwa Kapteni Bock von Wülfingen, akiwa na Wazungu zaidi ya 50 na askari Waafrika zaidi ya 250. Tarehe 12 Septemba walishambuliwa na kikosi cha KAR, batalioni ya nne, kilichotoka upande wa Kendu chini ya Kapteni Thorneycroft. Walipigana kutwa nzima. Thorneycroft aliuawa, Wajerumani wakapoteza maofisa wengi, na hatimaye kila upande ukarudi nyuma.

Tazama jinsi majeshi hayo yalivyofanana. Kila upande ulipangwa kwa kombania, ofisa alikuwa Mzungu, na aliyebeba bunduki alikuwa Mwafrika aitwaye askari. Kwa Wajerumani, ngazi za Mwafrika zilikuwa ombasha, shaushi, betshaushi, sol na efendi. Ombasha ni neno la Kituruki lenye maana ya mkuu wa watu kumi. Waingereza nao waliwaita maofisa wao Wasudani efendi, na neno hilo ndilo afande tunalolitamka leo mbele ya polisi, tusijue limetoka wapi.

Je, Abagusii hawakuwa na mpangilio wao? Walikuwa nao. Vijana, yaani abamura, waliishi katika ebisarate, kambi za mifugo zilizokuwa pia ngome za ulinzi. Mwishoni mwa karne ya 19 waliwashinda Wakipsigis katika vita vya Osaosao. Lakini kila ukoo ulikuwa na viongozi wake, na hapakuwa na amri moja juu ya koo zote. Waingereza walipokuja na bunduki mwaka 1905, na tena mwaka 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa Northcote, ujasiri haukukosekana. Kilichokosekana ni silaha za kulingana na sauti moja ya kuwakusanya wote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1914, wakoloni walipouacha mji mtupu, wenyeji waliuvamia na kuzichukua mali zilizokuwamo, wakidhani kwamba utawala wa Mzungu umekwisha. Utawala huo ulirudi na adhabu. Ng'ombe walitwaliwa, na vijana wakasombwa kwenda kazini na vitani kama wapagazi. Mpagazi hakuwa na cheo katika ngazi hizo zote, wala cha Kituruki wala cha Kiingereza. Ndiyo maana tunalijua jina la Thorneycroft, ilhali majina ya wapagazi wengi hatunayo.

Walimu wenzangu, sisemi tuifute Waterloo katika mafunzo yetu. Nasema tusiishie hapo. Mwanafunzi na atumwe nyumbani kuuliza ni nani katika ukoo wake aliyechukuliwa, alipelekwa wapi, na kama alirudi. Majina atakayoyaleta yaandikwe ubaoni, kando ya jina la Napoleon.