Funguo za Tovuti Yako Anazo Nani?

Siku hizi si ajabu kukuta duka la vipuri, saluni au chama cha akiba na mikopo kina tovuti yake. Wenye tovuti hizo aghalabu hujua mambo mawili tu: kwamba walilipa fedha, na kwamba kijana fulani ndiye aliyeitengeneza. Siku kijana huyo akihama mji na simu yake isipatikane, ndipo mwenye mali atambuapo kwamba nyumba ni yake lakini funguo hana.

Tovuti, ndugu msomaji, ni mafaili yaliyohifadhiwa katika kompyuta iitwayo seva, isiyozimwa usiku wala mchana. Seva ni mali ya kampuni inayopangisha nafasi, nawe ni mpangaji miongoni mwa wengi. Zamani mpangaji aliyetaka kurekebisha jambo lolote ilimbidi ajue amri za kimashine. Mwaka 1996 J. Nick Koston alibuni cPanel, programu ambayo makao ya kampuni yake yako Houston, Marekani. Programu hiyo huziweka kazi zote hizo katika ukurasa mmoja wenye picha na vitufe. Ziko nyingine za namna hiyo, kama Plesk, lakini anayeijua moja hapotei katika nyingine.

Ukiisha kuingia kwa jina lako na neno la siri, utakuta kabrasha liitwalo public_html. Hilo ndilo sebule. Chochote utakachokiweka humo mgeni yeyote duniani anaweza kukiona, na cha nje yake hakionekani. Wako mafundi wavivu wanaoacha humo nakala nzima ya hifadhidata, yenye majina na simu za wateja, wakidhani kwamba kwa kuwa haikuunganishwa na ukurasa wowote basi imefichika. La hasha! Mtu akibahatisha jina la faili hilo, amelichukua.

Upande wa barua pepe una mtego wake. Kila sanduku lina kipimo cha nafasi. Likijaa, barua za wateja hurudishwa walikotoka na wewe usipate habari. Ama cheti cha usalama, kile kinachoonyesha kufuli ndogo pembeni mwa anwani, kisikutoe fedha bila sababu. Tangu mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti bure, navyo paneli huweza kuvihuisha yenyewe.

Jina la tovuti ni mkataba mwingine kabisa. Majina ya Tanzania yaishiayo na .tz huandikishwa kwa mawakala. Unaweza kulipia nafasi barabara, jina likaisha muda, na tovuti ikatoweka. Basi hakikisha kwamba jina limeandikishwa kwako au kwa kampuni yako, wala si kwa fundi.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni nakala za akiba. Usiku wa tarehe 10 Machi, 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakuna aliyeumia, lakini mamilioni ya tovuti yalizimika, na wapangaji ambao nakala zao zilikuwa papo hapo penye moto walipoteza kazi ya miaka.

Katika cPanel iko sehemu ya nakala za akiba. Nakala kamili ya akaunti unaweza kuichukua mwenyewe, ila kuirudisha kwahitaji mkono wa kampuni yenye seva. Nakala ya mafaili na ile ya hifadhidata, zikichukuliwa mbalimbali, waweza kuzirudisha peke yako. Chukua zote tatu kila mwezi, uziweke katika diski iliyo kabatini kwako, na siku hiyo hiyo ubadilishe neno la siri ambalo fundi wa zamani angali analijua.