Imani, Sheria na Umoja wa Wakristo katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Makala haya yanajadili msingi wa umoja wa Wakristo katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama mkoani Shinyanga hadi Geita, ambako Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste, Wasabato na waumini wa AICT huishi pamoja. Mnamo Februari 2013, mgogoro kati ya Wakristo na Waislamu kuhusu uchinjaji ulizuka Buseresere, mkoani Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Kudai haki ya kuchinja ni suala la uraia. Hata hivyo, bucha haiwezi kuwa alama ya imani. Katika Wagalatia 2:11–16, Paulo anamkabili Petro huko Antiokia kwa kujitenga mezani na waumini wa Mataifa, kwa hoja kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo ya sheria. Kwa hiyo, umoja uliojengwa juu ya nyama huirejesha sheria ile ile. Makala yanahitimisha kwamba Msabato asiyekula nguruwe na Mlutheri anayemla ni ndugu katika Kristo. Kila mmoja ashike desturi yake bila kuifanya kipimo cha udugu, wala sababu ya kumwaga damu ya jirani.