Utangulizi: Elimu Nyingi za Kisiwa Kimoja

Kitabu hiki kimekusudiwa kijana anayeingia katika utafiti na hajajua bado ataelekea wapi: maabara, msituni, pwani, kwenye nyaraka au kwenye baraza za wazee. Mifano yake imechukuliwa Zanzibar, na zaidi Unguja, kisiwa ambacho mtu akitoka Nungwi asubuhi kwa gari hufika Makunduchi kabla ya adhuhuri. Katika eneo hilo dogo wapo wanaohesabu konokono wa vijitoni, wanaosoma barua za wafanyabiashara wa karne ya 19, wanaochekecha udongo wa mji wa kale wa Unguja Ukuu na wanaokusanya maneno ya Kikae, lahaja ya Makunduchi. Ukiwatazama kwa mbali utadhani hawana la kuambiana. Dai langu ni kwamba wanalo jambo moja kubwa: kila mmoja amejifunza njia ya kukubali kusahihishwa na kile anachokichunguza. Zinazotofautiana ni njia zenyewe, na mwanafunzi huanza kuwa mtafiti siku anapozijua.

Utafiti haukuletwa hapa na vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianza kufundisha mwaka 2001. Zaidi ya miaka 100 kabla yake Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alikwishaweka mitambo ya kuchapia vitabu, na fiqhi ya Kiibadhi ikachapwa mjini Unguja. Baadaye Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, akisomesha mtaa wa Ukutani. Sayyid Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija, akihukumu kama kadhi huku akiandika. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Katika mapokeo yao, mwanachuoni hakuweza kusema amesikia jambo akaishia hapo. Alitakiwa amtaje aliyempokea, na huyo naye alimpokea nani, na nakala moja ya kitabu ililinganishwa na nyingine kabla ya kutegemewa. Huo ulikuwa utaratibu kamili wa kuchuja habari, na mwanafunzi wa leo anayejifunza kutaja vyanzo vyake yumo katika njia ambayo wazee hao walikwisha kuipita.

Tiba nayo ina historia ndefu mjini hapa. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua maelfu ya watu. Daktari kutoka Scotland, James Christie, alikuwa akifanya kazi mjini wakati huo. Hakuwa na njia ya kukiona kimelea cha ugonjwa. Mwanasayansi Robert Koch alikuja kukitambulisha katika miaka ya 1880. Christie aliuliza watu. Aliwahoji wafanyabiashara wa misafara na wasafiri wengine, akapanga majina ya mahali na nyakati, hadi akaona kwamba ugonjwa ulipita bara, nchi ya Wamasai, ukashuka Pangani, ndipo ukavuka bahari. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Anayekisoma leo anakuta tabibu akifanya kazi ya mwanahistoria, kwa sababu swali lake lilimtaka afanye hivyo.

Tiba ya sasa inategemea zaidi majaribio yenye makundi ya kulinganisha, na Pemba, kisiwa jirani, ilitoa moja lililobadilisha maamuzi ya dunia. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba kumpa mtoto madini ya chuma ni kheri tupu, kwani upungufu wa damu ni tatizo kubwa. Watafiti walioshirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Wawi, waliwafuatilia watoto zaidi ya 24,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionesha kwamba pale penye malaria nyingi, watoto waliopewa madini hayo waliugua sana au kufa zaidi kuliko wenzao. Walipochunguza kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria kwa karibu, wakaona jambo jingine: watoto wenye upungufu halisi wa madini ya chuma walinufaika. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake. Hakuna daktari, hata awe na uzoefu gani, ambaye angeligundua hilo kwa kumwangalia mgonjwa mmoja mmoja. Jambo hilo huonekana kwa kulinganisha wengi tu.

Utafiti wa kichocho unafundisha somo gumu zaidi. Kati ya 2012 na 2017, shehia za Unguja na Pemba ziligawanywa makundi matatu. Wakazi wa makundi yote walipewa dawa. Kundi moja likaongezewa kuua konokono wanaobeba vimelea, na jingine likaongezewa elimu pamoja na majukwaa ya kufulia, ili watu wasiingie vijitoni. Ugonjwa ulipungua kote. Hata hivyo haukutokomea, na nyongeza zile hazikuonesha tofauti ya wazi na dawa peke yake. Watafiti wakayachapisha matokeo hayo kama yalivyo. Kijana, uyaheshimu matokeo ya namna hii. Serikali yenye fedha chache inahitaji kujua kisichoongeza faida kama inavyohitaji kujua kinachoongeza.

Kwa mbung'o ushindi ulikuwa mkamilifu. Mdudu huyu alikuwa akiwaambukiza ng'ombe wa Unguja ugonjwa wa nagana. Siri yake iko katika uzazi: jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, basi akipandwa na dume tasa hatazaa tena. Madume yalilelewa Tanga, yakatasishwa kwa mionzi, yakamwagwa kisiwani kwa ndege. Kati ya 1994 na 1997 yalitolewa zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Fizikia ya nyuklia ilimsaidia mfugaji wa Unguja kwa sababu kabla yake kulikuwa na mtu aliyejali kujua mwenendo wa nzi mmoja jike.

Ukiingia Msitu wa Jozani utakutana na elimu inayohitaji subira ya aina nyingine, ya kukaa na kutazama. Kima punju hapatikani popote duniani ila Zanzibar. Wakulima wa kandokando ya msitu walilalamika kwamba anawamalizia nazi, na lalamiko lenyewe halikuwa la uongo: kweli anakula vidaka. Katika miaka ya 1990 watafiti Kirstin Siex na Thomas Struhsaker walihesabu vidaka vilivyoliwa pamoja na nazi zilizovunwa. Wakakuta kwamba ulaji huo haukupunguza mavuno, kwa kuwa vidaka vingi huanguka vyenyewe hata visipoguswa. Watafiti hao waliona pia kima wakila makaa. Majani ya mkungu na mwembe wanayoyapenda yana lishe nzuri lakini yana sumu pia, na makaa huishika sumu hiyo tumboni. Mkulima aliona sawasawa kilicholiwa. Kuhesabu kukaongeza kile ambacho jicho peke yake halikuweza kukipima.

Chui wa Unguja yeye amezilazimisha elimu mbili zikae pamoja. Ngozi zake zimehifadhiwa, na mmoja aliyekaushwa yumo katika makumbusho ya mjini, lakini hajathibitika kuonekana hai kwa miongo kadhaa. Wanaanthropolojia Martin Walsh na Helle Goldman walipomtafuta walikuta vijijini habari nyingi za chui wanaofugwa na wachawi, na kumbukumbu za kampeni iliyofuata Mapinduzi ya 1964, ambapo wachawi na chui walisakwa kwa pamoja. Mwanabiolojia asiyejua imani hizo angezipuuza simulizi zote, au angezipokea zote kama ushahidi kwamba mnyama yupo. Aliyezichunguza kama simulizi aliweza kueleza kwa nini mnyama huyu aliwindwa kwa bidii hivyo.

Chini ya ardhi kuna ushahidi usiosema. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, watu waliishi takriban miaka 20,000 iliyopita, na mifupa ya pundamilia na nyati imechimbuliwa humo. Wanyama hao hawakuogelea kutoka bara. Bahari wakati huo ilikuwa chini sana, na Unguja ilikuwa sehemu ya nchi kavu. Mwanaakiolojia Profesa Felix Chami alichimba pango hilo mwaka 2005 na kutangaza dalili za mifugo ya kale sana. Waliochimba tena baadaye hawakuipata, na mjadala ukaendelea kwa mifupa na vipimo. Mwanafunzi asifadhaike kwa kuona wataalamu wakipingana. Bila Chami kulichimba pango, wengine wasingekuwa na cha kurudia. Kule Unguja Ukuu, mji wa bandari uliokuwapo tangu karne ya 7, wachimbaji huutia udongo katika maji ili mbegu zilizoungua zielee. Mbegu hizo zimeonesha mtama na uwele wa Afrika, na kando yake mpunga na choroko kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Chakula cha nyumbani kwetu kina tarehe, na tarehe hiyo husomwa kwenye punje iliyoungua jikoni.

Karatasi nayo ina tabia yake. Mwanahistoria Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha 1987 juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu, alionesha jinsi mashamba ya karafuu yalivyofungamana na masoko ya mbali. Lakini barua ya mfanyabiashara husema yaliyomhusu mfanyabiashara. Mjakazi aliyechuma karafuu hakuandika. Ndiyo maana mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001, aligeukia nyimbo za mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na kumbukumbu za wazee wa mtaa wa Ng'ambo mjini ili apate sauti za watu ambao nyaraka ziliwapita. Nyimbo, kanga na mpira wa miguu vikawa ushahidi wa historia. Katika lugha, Haji Chum alifanya kazi ya aina hiyo alipokusanya msamiati wa Kikae cha Makunduchi, uliotolewa kama kitabu mwaka 1994. Kiunguja cha mjini kilikuwa kimeteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na lahaja za shamba zikabaki kwa wenyewe. Kila neno aliloliandika Chum limeokolewa.

Nimalizie mifano kwa mwani, kwa sababu hapo elimu zote hukutana. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliutafiti katika miaka ya 1970, na kilimo cha biashara kikaanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Wakulima walio wengi ni wanawake. Tangu miaka ya 2000 aina ya kotoni, yenye bei nzuri, imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayozidi joto. Dakta Flower Msuya, mtafiti wa mwani, ameitumikia kazi hii kwa miaka mingi, na shauri mojawapo limekuwa kuupeleka mwani kwenye kina kirefu. Kwa vipimo vya joto shauri hilo ni sahihi. Lakini kina kirefu kinataka chombo na kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Basi tatizo lililoanza kama la joto la maji limekuwa pia la malezi, mali na nani ana chombo. Anayejua nusu yake tu atatoa dawa nusu.

Wahenga wetu wa bahari walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Kila elimu nayo ina nyota yake. Usiitake simulizi ya mzee iwe na kundi la kulinganisha, wala usiitake takwimu ya hospitali ikueleze msiba wa mama. Iulize kila elimu mambo mawili: ushahidi wake ni nini, na ni kitu gani kingeifanya ibadili kauli. Ukikutana na mtafiti asiyeweza kujibu la pili, kaa naye kwa tahadhari, hata awe na vyeo vingapi.

Kisha ukumbuke adabu. Kabla hujauliza neno lolote kijijini utapiga hodi kwa sheha, utajieleza wewe ni nani na unataka nini. Usiufanye huo utaratibu wa karatasi tu. Mkulima wa nazi, mama wa mwani na mzazi aliyekubali mwanawe atolewe damu wamekupa sehemu ya elimu yako, na wanastahili kuiona ilipofika. Matokeo mengi niliyoyataja hapa yalichapishwa kwanza kwa lugha ambazo watu hao hawazisomi. Kitabu hiki kimeandikwa kwa Kiswahili ili kupunguza deni hilo. Ukimaliza utafiti wako wa kwanza, urudi kijijini ulikouanzia, uusome kwa Kiswahili mbele ya waliokusaidia, na uwaachie nafasi ya kukuuliza na kukusahihisha.